Ndege wa Rudy Hawajavuka Daraja

Missouri, 12 Oktoba 1986

Dada Albina,

Nakusalimu, na Opal anakusalimu, na hata mbwa angekusalimu kama angekubali kuamka. Maboga mwaka huu yamezidi, tunayagawa kwa majirani hadi wameanza kujificha wakituona. Glenda wetu amepata kazi ya kufundisha mjini. Huja Jumapili na njaa yake, akaondoka na nusu ya friji. Nyonga yangu ya kulia bado ni ileile. Mwezi uliopita mumeo Rudy alitimiza mwaka tangu atutoke. Nilikukumbuka sana ingawa sikuandika. Natumaini kuni unazo za kutosha, maana baridi ya huko naijua.

Sasa neno lililonikalisha mezani. Daktari anataka kunikata mwezi Juni aniwekee nyonga ya chuma. Anasema nitatembea vizuri tu barabarani, lakini milima niisahau. Maana yake nimebakiwa na masika moja ya kupanda mlima na bunduki begani.

Ukuta wangu unaujua, Opal alikutumia picha. Nimetundika mikia mitatu ya bata mzinga wa porini, aina tatu kati ya nne ninazozitaka: wa mashariki, niliyempiga hapahapa kwetu, wa Rio Grande, niliyemfuata Texas, na yule wa Florida, ambaye kwa ajili yake niliwalisha mbu wa kinamasi kizima. Msumari wa nne uko mtupu. Nimeuweka kwa ajili ya ndege wa milimani, mwenye mkia wa ncha nyeupe, na simtaki wa kwingine. Namtaka wa kilima cha Baba. Unakumbuka siku aliyowaleta? Kreti mapajani ndani ya pikapu njia nzima, mimi nikiendesha, yeye akiwaimbia kwa Kicheki ili wasiogope.

Nina swali, na usinikasirikie. Je, bado ni weupe? Sisemi neno baya juu ya marehemu. Nauliza tu kama wale ndege wa Rio Grande aliowaachilia Rudy kule mtoni walibaki ng'ambo ya daraja, kama alivyotuapia. Miaka ishirini ni mingi na ndege wana miguu. Niokotee unyoya mmoja wa mkia chini ya misonobari wanakolala, unitumie kwenye bahasha. Kama wamechanganyika, basi sina sababu ya kuja huko na mguu huu.

Mdogo wako,
Leonard


Nebraska, 3 Novemba 1986

Lenny mdogo wangu,

Barua yako ililala kwenye sanduku la njiani siku mbili, theluji imewahi. Mimi mzima. Ndama nimewauza wote, nimebaki na ng'ombe mmoja wa maziwa ambaye ana tabia kama za shangazi Blazena, ukimgeuzia mgongo tu anakupiga teke. Jumapili tulikuwa na chakula cha kanisa, nikapika maandazi ya plamu, mzee Kucera akala hadi mkewe akamfinya chini ya meza. Mwambie Opal maboga ayakaushe. Glenda mwambie aolewe au ajifunze kupika, kimojawapo.

Kuni zipo. Rudy aliniachia kuni za miaka mitatu zimepangwa ukutani, ndivyo alivyokuwa. Ungeziona kama ungekuja kumzika. Uliandika kwamba barabara ilikuwa na barafu. Barafu mwezi wa Septemba, Lenny, kabla hata majani hayajadondoka.

Haya, yameisha hayo. Ndege wa Rudy hawajavuka daraja. Nilikwambia mwaka uleule wewe na Rudy mlipogombana jikoni kwangu, wewe ukipiga meza na kusema kamwaga maji kwenye maziwa ya Baba, na leo nakwambia tena. Wako ng'ambo, wa Baba wako mlimani. Humu ndani utakuta unyoya. Mweupe, kama unavyotaka.

Na kitu kimoja hujawahi kukiuliza: Rudy aliwaleta wake kwa nini? Nilisema siku moja, nikikanda unga, kwamba napenda kumsikia dume akilia alfajiri, ila ndege wa Baba wako mbali mno hawasikiki. Nilisema tu, kama mtu anavyosema. Wiki iliyofuata Rudy akaenda Kansas kwa rafiki yake, akarudi na makreti. Hivyo tu ndivyo ilivyokuwa.

Ukija, nitakupikia kabichi chachu.

Dada yako,
Albina


Missouri, 9 Januari 1987

Dada Albina,

Heri ya mwaka mpya. Sikukuu ilikwenda vizuri, Glenda alikuja na kijana anayeuza matrekta, mpole, anakula kila kitu. Opal tayari anamwita mwanangu. Mimi nasubiri aniambie trekta gani ni bora ndipo niamue.

Unyoya umefika salama, ahsante. Ni mzuri. Ncha nyeupe kama unga, upana wa vidole viwili, hauna doa. Lakini dada, wewe umekaa na hawa ndege maisha yako yote na unajua ninachotaka kusema. Mahali ambapo aina mbili zinakutana, unyoya mmoja hauthibitishi kitu. Mama mmoja anaweza kulea vifaranga wakatoka mmoja mweupe kama wa mlimani, mwingine ana rangi ya ngano kama wa Rio Grande, na wengine wako katikati, rangi ya siagi. Huyo wa siagi ndiye anayewadanganya watu. Jua likimpiga usoni wanasema mweupe, akiingia kivulini wanasema wa ngano, na wote wawili wanaapa.

Kwa hiyo nakuomba uangalie kundi, si ndege mmoja. Wakija kwenye nyasi za ng'ombe, simama jua likiwa mgongoni kwako. Usiwaangalie wakiwa wamelowa, ndege aliyelowa ni mweusi hata angekuwa njiwa. Tazama mkia, halafu tazama yale manyoya mafupi ya kiunoni yanayoufunika, maana mara nyingi mkia unasema hivi na kiuno kinasema vile. Na nitumie manyoya mengine, ya madume tofauti. Ya kuku siyataki.

Habari ya makreti na kukanda unga sikuwa naijua.

Mdogo wako,
Leonard


Nebraska, 2 Februari 1987

Lenny,

Mimi mzima, ng'ombe mzima, bomba la maji liliganda na limefunguka.

Nina miaka sitini na minne, na wewe unanituma nitambae kwenye theluji chini ya misonobari. Mama Kucera alinipita akasimamisha gari. "Albina, umepoteza nini?" Nikamwambia natafuta manyoya. Akanitazama. "Unashona mito?" Nikamwambia ndiyo. Sasa kijiji kizima kinajua nashona mito, na watu wawili wameshaniletea vitambaa.

Manyoya mawili haya hapa, ya madume mawili tofauti. Na kundi nimelitazama kama ulivyoagiza, jua mgongoni, kavu kabisa. Weupe, Lenny. Mikia yao ina pindo kama kitambaa cha altare. Wapo wachache niliowaona wana rangi ya siagi kidogo, lakini ilikuwa jioni, na jua la jioni unalijua.

Nimeosha shuka za chumba chako cha zamani. Nimezianika ndani, kando ya jiko, kwa hiyo zitanuka moshi, usilalamike.

Albina


Missouri, 22 Machi 1987

Dada Albina,

Nisamehe kwa kuchelewa. Kulikuwa na shughuli kidogo za huu mguu, zimekwisha, hazina maana ya kuandikwa. Opal hajambo. Yule wa matrekta amemvisha Glenda pete, na mimi sijaambiwa habari ya trekta hadi leo.

Manyoya yako yote matatu nimeyapanga mezani. Opal akauliza yana nini kinachonifanya niyatazame muda wote huo. Nikamwambia ni mazuri sana.

Nakuja. Nitashuka kwenye basi Alhamisi baada ya Pasaka, jioni. Njoo na pikapu na blanketi, maana kukaa muda mrefu kunanikaza. Mfupa wangu wa bawa, ule ninaouvuta kuwaitia madume, nauleta.

Usitume manyoya mengine. Yaliyobaki yaache mahali pake.

Mdogo wako,
Leonard


Nebraska, 10 Mei 1987

Lenny mdogo wangu,

Natumaini ulifika salama na hukumsumbua dereva wa basi kwa hadithi za Florida. Hapa mvua imenyesha vizuri. Shangazi wa teke amezaa ndama jike, na kwa siku mbili alikuwa na adabu. Mama Kucera ameuliza kama yule mwanaume niliyekuwa naye kwenye pikapu ni mchumba. Nikamwambia ni mdogo wangu. Akasikitika kweli, maskini.

Nataka kukuandikia ile asubuhi, kwa sababu wewe ulikuwa umenipa mgongo na hukuona nilichokiona mimi.

Ulikuwa umeegemea ule msonobari uliopigwa radi, mguu umeunyoosha mbele kama ubao. Mimi nilikuwa nyuma, kwenye blanketi. Ukaweka mfupa mdomoni, ukauvuta kama mtu anayembusu mtoto, sauti ya jike ikatoka. Hivyohivyo ndivyo Baba alivyokuwa akifanya. Na dume akajibu. Akajibu kutoka chini, Lenny. Kutoka upande wa mto. Wewe ulisikia kama mimi.

Akapanda polepole, amejivimbisha, mkia ameutandaza wote, anakwenda kwa maringo kama bwana harusi. Alikuwa kivulini na mkia ulikuwa wa siagi. Nikaomba jua lisitoke. Mkatoliki mzima, nimekaa kwenye blanketi, namwomba Mungu jua lisitoke! Nalo likatoka. Akageuka mbele yetu, na hapo hata kipofu angejua: mkia wa siagi, kiuno cha ngano, ncha nyeupe mbili tatu zimebaki kwa bahati. Nikafikiri hutapiga. Ukapiga.

Nyumbani ukautandaza ule mkia mezani, karibu na dirisha, ukautazama kwa muda mrefu. Nilisimama kando ya jiko nikisubiri ulitaje jina la Rudy. Nilikuwa nimejiandaa. Nilikuwa na maneno ya miaka ishirini, nimeyapanga kama zile kuni. Wewe ukanyanyua kichwa ukauliza, "Kabichi bado unaitia mbegu za kisibiti?"

Tukala. Ukasifu. Ukaosha vyombo, jambo ambalo mama yetu asingeliamini. Jumatatu ukaondoka, na mkia ukauacha hapohapo mezani, na mimi nimebaki na maneno yangu, hayana pa kwenda.

Kwa nini hukusema kitu?

Albina


Missouri, 1 Juni 1987

Dada Albina,

Wazima sote. Nalazwa wiki ijayo, Opal ameshanifungia mkoba mara tatu. Harusi ni Oktoba na utakuja, hilo halina mjadala. Yule kijana amekiri kwamba yeye mwenyewe anatumia trekta la kampuni nyingine. Nimeanza kumpenda.

Umeuliza, nami nitajibu. Unyoya wa kwanza ulipotoka kwenye bahasha, chumba kizima kilinuka tumbaku ya Baba. Bata mzinga hawavuti kiko, Albina. Nikaugeuza nikatazama shina lake. Unyoya ukidondoka wenyewe chini ya mti, shina lake lina ncha ya mviringo iliyozibika. Wako ulikuwa umekatwa na mkasi. Nikajua umekatwa ili nisilione lile tundu ambalo Baba alipitishia waya alipotundika mkia wake juu ya mlango wa ghala. Mkia wa ndege wa kwanza aliyempiga mlimani. Mkia mmoja tu duniani una tundu kama lile.

Nilikasirika. Nilikuandikia ile hotuba ya Januari kwa makusudi, yote ya jua mgongoni na manyoya ya madume tofauti, nione utafanya nini. Ukatuma mawili. Nikayapanga mezani na ule wa kwanza, yakakaa kila mmoja ubavuni mwa mwenzake jinsi yalivyokuwa mgongoni mwa ndege. Ndipo nikaona kinachoendelea. Dada yangu anaunyofoa mkia wa Baba, unyoya kwa unyoya, ili mimi nije.

Kwamba wamechanganyika nilijua. Kama mlimani kungekuwa na weupe, ungetuma wa mlimani. Miaka ishirini nilingoja kuwa sahihi juu ya hili, na siku niliyokuwa sahihi Opal akaniuliza mbona nimenuna. Nilikuja kukuona wewe. Yule dume nilimpiga kwa sababu alikuja vizuri, kwa heshima zote, na kwa sababu nilikuwa na njaa ya kabichi yako.

Mkia wake ni wa kwako. Utundike pale juu ya mlango wa ghala, msumari upo. Na ule wa Baba, au uliobaki baada ya mkasi wako, nitumie mimi. Nilijiwekea sheria kwamba ukutani hapakai ndege ambaye sikumpiga mwenyewe. Sheria ni yangu, na nimeifuta.

Katika kifurushi hiki kuna mfupa wa bawa la yule dume, nimeusafisha na kuuunga. Mfupa wa jike ndio hutoa sauti nzuri. Huu una sauti nzito, kama shangazi Blazena akiwa na mafua. Uvute, usiupulize.

Leonard


Nebraska, 20 Juni 1987

Lenny mdogo wangu,

Opal alipiga simu kwa akina Kucera kusema umeamka salama na umeanza kumbishia nesi. Nimeshukuru Mungu, halafu nimemwonea huruma nesi. Ndama anakua. Harusini nitakuja, na maandazi nitaleta mimi, watu wa huko hawajui plamu.

Mkia wa Baba uko ndani ya sanduku hili, umefungwa kwenye foronya. Usinihesabie mapengo.

Na sasa nitakwambia jambo ambalo Rudy aliniapisha nisikwambie. Ameshaondoka, na nadhani kiapo kimeondoka naye. Kama hakijaondoka, tutalimaliza mimi na yeye huko huko.

Walivuka, Lenny. Walivuka mwaka uleule wa kwanza, kabla hata hamjagombana vizuri. Siku moja asubuhi tukawaona watatu wanatembea juu ya daraja kwa mstari, kama watu wanaokwenda kanisani. Rudy alipauka. Jioni, baada ya kukamua, akachukua ufagio wangu wa jikoni, akaenda kusimama katikati ya daraja, mikono ameitanua, kofia kichwani, anawarudisha. "Rudini! Rudini kwenu!" Mtu mzima! Nao wakamtazama, wakasubiri aje kula, wakavuka. Akaanza kula hukohuko, nampelekea sahani. Wakaanza kuruka juu ya kichwa chake. Alikwenda kila jioni masika ile, na masika iliyofuata, kwenye mvua, kwenye mbu. Ufagio ukabaki mti mtupu.

Nilikuwa nacheka dirishani hadi naishika meza. Lakini siku moja alirudi amelowa, akakaa pale karibu na jiko, akasema, "Mzee alinipa binti yake, na mimi nimemharibia ndege wake." Sikucheka tena. Akaniambia, "Usimwambie Lenny. Atanicheka mpaka nife." Ndiyo maana nilikwambia hawajavuka. Nilikwambia mara ya kwanza kwa ajili yake, na mara zote zilizofuata kwa ajili yake, hata alipokuwa amekwisha kufa. Nilimpenda sana, Lenny. Nilimpenda na huo ufagio wake.

Mfupa niliuvuta jana alfajiri, mlangoni, unga mikononi. Ulitoa sauti mbaya kabisa. Dume mmoja akajibu kutoka mtoni na mwingine akajibu kutoka mlimani, na sikuweza kujua yupi ni wa nani.

Ukitaka kucheka, cheka.

Albina


Missouri, 15 Julai 1987

Dada Albina,

Natembea kwa magongo. Mkia wa Baba uko ukutani, na Opal ameyageuzia mapengo upande wa kabati.

Nilicheka mpaka nyonga mpya ikauma, Opal akaja mbio akidhani ni dawa. Nikamsomea, akacheka na yeye. Kisha nikaenda kukaa nje peke yangu, nikakaa sana, na sikuwa nacheka.

Mwakani, nikiwa hai, nitakuja tena baada ya Pasaka. Usinipeleke mlimani hata nikikuomba. Niwekee kiti pale katikati ya daraja, na ule mti wa ufagio, kama bado unao.

Mdogo wako,
Leonard